Nani Atawakaribisha Wakwe

Mwanetu alipotuarifu kwamba wakwe zake, Wajerumani, wangetutembelea mwezi ujao, mimi na mke wangu tulijiandikisha katika darasa la lugha yao. Tuliafikiana jambo moja: atakayepata alama za juu katika jaribio la viwakilishi ndiye atakayewakaribisha wageni kwa Kijerumani mbele ya ukoo mzima. Tukilingana, baba mwenye nyumba ndiye atakayesema. Nilijihesabu mshindi papo hapo.

Sikuwa nimeijua lugha yenyewe. Mtu akitenda ni er, yaani yeye; akitendwa, amekwisha kuwa ihn. Nilikariri kama tulivyokariri bwenini, nikipiga hatua sebuleni, mikono mgongoni: mich, dich, ihn. Mke wangu alikariri huku akimenya viazi.

"Kiranja, utatoboa zulia."

"Nidhamu haichekwi, mama."

Siku ya jaribio, mwalimu wetu, binti wa rika la mwanetu, alituagiza tubadilishane madaftari tusahihishane. Mke wangu alipata ishirini kwa ishirini. Nililipekua daftari lake mara tatu nikitafuta kosa, nikaambulia patupu. Langu likarudi na ishirini vilevile. Kichwa kikaanza kuvimba.

Kisha nikasoma. Katika swali la saba nilikuwa nimeandika er mahali pa ihn, na kando yake palikuwa na alama ya vema, kubwa, isiyo na haya.

"Umeipitisha hii?" nilinong'ona.

"Funga daftari, baba. Watu wanatazama."

Sikufunga. Shuleni, nikiwa kiranja, nilipata kumfikisha kwa mwalimu wa zamu rafiki niliyekuwa naye kama chanda na pete, kwa kosa dogo kuliko hilo. Nilisimama, nikaeleza, nikaomba kalamu nyekundu, nikajikata alama kwa mkono wangu mwenyewe.

"Sihitaji kuhurumiwa," nilimwambia mke wangu tulipokuwa tukishuka ngazi.

"Nani kakuhurumia? Mimi nikisimama mbele ya watu magoti yanagongana, hata wawe ndugu watano. Nimekuvusha uniokoe, wewe unaenda kujishtaki."



"Makubaliano ni makubaliano," nilisema tulipofika chini.

"Najua. Basi utanifundisha kusimama."

Tangu hapo, kila alasiri naketi kwenye kochi nikiigiza baba mkwe na mama mkwe kwa pamoja, naye anasimama mlangoni akinikaribisha. Jana alifika mwisho bila kusita. Nilimwamuru arudie, mabega yake yalikuwa yameinama.