Bahari ya Moto, Bordesley Green

Safiyo alirudi kutoka shule, akavua viatu mlangoni, akatundika koti lake lililolowa juu ya hita ya ukutani. Hita ilikuwa baridi kama komeo la geti, lakini kila mtu katika nyumba ile aliendelea kuianikia nguo kwa mazoea. Boila, mtambo wa kupashia nyumba joto, ilikuwa imekufa tangu majani ya miti ya mtaa wao wa Bordesley Green, Birmingham, yalipoanza kupukutika. Kampuni iliyowapangisha nyumba ilipigiwa simu, ikasikitika. Ikapigiwa tena, ikasikitika tena.

Sebuleni, bibi yake, ambaye nyumbani wote walimwita Ayeyo, yaani bibi kwa Kisomali, alikuwa ameketi kwenye kochi na glavu mikononi. Kifua chake kilikoroma kama birika linalokaribia kuchemka. Nyuma yake ukungu mweusi ulikuwa umeupanda ukuta kutoka sakafuni hadi usawa wa mabega. Daktari alikuwa amesema kwamba mama huyu anahitaji joto na hewa kavu, na kwamba mapafu yake hayatavumilia majira mengine ya baridi kama yale yaliyopita. Alisema hayo kwa upole, akimtazama Fosia, dada mkubwa wa Safiyo, kwa kuwa Fosia ndiye aliyekuwa akitafsiri. Fosia alipofika kwenye maneno hayo ya mwisho hakuyatafsiri.

Dada hao wawili walikuwa na desturi ya kucheza gemu la madubwana kwenye televisheni kabla ya magharibi. Walikuwa wamecheza matoleo yake yote tangu Fosia alipokuwa na umri wa Safiyo. Dubwana la Safiyo lilikuwa nyati wa moto. La Fosia lilikuwa konokono mkubwa aliyebeba majani ya mgomba mgongoni, ambaye wachezaji wengi hawamchagui kwa sababu ni mzito. Nyati alijua pigo liitwalo Kiapo cha Moto, na konokono alijua Kiapo cha Majani. Kila kiapo peke yake ni pigo la kawaida. Lakini wote wawili wakiapa katika zamu moja, wa kwanza hasogei. Anasimama na kiapo chake mdomoni mpaka mwenzake aape, ndipo viapo vinaungana na uwanja wa adui unageuka bahari ya moto.

Jioni ile ya Novemba nyati aliapa, akangoja. Konokono akaapa. Bahari ya moto iliujaza uwanja, ikafika ukingo wa televisheni, ikaendelea.

Ilishuka kwenye meza ya televisheni kama maji yanayofurika beseni, ikatandaa juu ya zulia bila moshi na bila mlio. Ilikuwa na rangi ya papai bivu. Ndani yake yalielea majani ya mgomba yaliyokuwa nuru tupu, yakijikunja na kujikunjua. Haikuchoma kitu. Ilipita chini ya meza ya chai, ikazunguka miguu ya kochi, ikasimama kwenye vifundo vya miguu ya Ayeyo. Safiyo alinyanyua begi lake la shule, akaliweka kitini.

Ayeyo alitazama chini kwa muda mrefu. Kisha alivua glavu, akateremsha mkono ndani ya moto kama mtu anayepima maji ya kumwogesha mtoto.

"Mashallah," alisema kwa sauti ya chini. "Fosia, sogeza kochi katikati."

Fosia alilisogeza. Ukuta ulianza kutoa mvuke, na ule ukungu mweusi ukakauka na kubanduka vipande vipande. Baadaye kidogo kifua cha Ayeyo kiliacha kukoroma. Fosia aliinamisha kichwa ili mdogo wake asimwone akilia. Alikuwa amesahau jinsi nyumba ile inavyosikika pasipo sauti ile.

Mama yao, Fadumo, ambaye alikuwa mpishi hospitalini, alirudi na mfuko wa viazi akasimama mlangoni.

"Zulia haliungui?" aliuliza.

"Haliungui," Safiyo alijibu kwa Kiingereza. Kiswahili alikielewa chote, lakini ulimi wake ulikuwa umezaliwa Birmingham.

"Basi leteni zile nguo zilizolowa."

Tangu siku hiyo dada hao walicheza kila jioni. Bahari ilitoka, ikakaa, ikarudi ndani ya televisheni vita vilipokwisha, na joto lake likabaki ndani ya kuta hadi alfajiri. Ayeyo alianza kulala amejinyoosha, si ameketi.

Wa kwanza kuja alikuwa Mzee Harbhajan wa nyumba ya pili, Singasinga aliyekulia Kisumu. Yeye na Ayeyo waliongea Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee waliyoweza kugombania.

"Mama Abdi," alisema mlangoni, akimwita kwa jina la mwanawe Abdisamad, baba wa wasichana, ambaye alikuwa akiendesha lori huko Uholanzi. "Ukuta wangu umekuwa moto kama chapati. Boila imepona?"

"Boila imekufa vilevile. Ingia, Kalasinga. Vua viatu, usiniletee matope."

Alivua viatu, akavua na soksi, akakunja suruali, akaingia ndani ya moto. Mzee Harbhajan alikuwa amechomelea vyuma maisha yake yote, kwanza Kisumu, halafu hapa, na mikono yake ilikuwa na makovu ya moto wa kila aina. Alisimama katikati ya sebule, nuru ikipanda na kushuka kwenye ndevu zake nyeupe. Mikono yake ilikutana kifuani yenyewe, kama anavyofanya akiingia gurudwara, hekalu lao.

"Moto usiotaka kitu," alisema mwishowe. "Huu sijapata kuuona."

"Unataka watu wawili, mzee," alisema Fosia.

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Fosia alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Newcastle, na masomo yangeanza Januari. Akiondoka, konokono hana wa kumwapisha. Kwa hiyo ilibidi boila itengenezwe kabla ya Januari, na Fadumo alianza kuipigia simu kampuni kila alipopata mapumziko, amesimama karibu na mapipa ya taka ya hospitali ili asikie vizuri. Hatimaye walimwambia kwamba mkaguzi atakuja Alhamisi kabla ya Krismasi, apime baridi ya nyumba.

"Kesho msicheze," Fadumo aliwaambia wote Jumatano, hata Ayeyo. "TV isiguswe mpaka huyo mtu aondoke. Nyumba ijionyeshe ilivyo."

"Sawa," alisema Ayeyo.

Alhamisi shule zilikuwa zimefungwa na Fadumo alikuwa kazini. Kufikia adhuhuri joto la jana lilikuwa limekwisha ukutani. Pumzi zao zilionekana. Ayeyo alianza kukohoa, Fosia akamfunika na kujiambia kwamba ni saa chache tu.

Mkaguzi alikuwa msichana aitwaye Kirandeep, mwembamba, mwenye koti jepesi lililolowa mvua. Pua yake ilikuwa nyekundu. Alitoa kipimajoto mkobani, na vidole vyake vilitetemeka kiasi kwamba kilimdondoka zuliani.

Ayeyo alimtazama akikiokota. Kule Isiolo alikolelewa, mgeni aliyetoka juani huwekwa kivulini na kupewa cha kunywa kabla hajaulizwa kilichomleta. Sheria hiyo hakuwahi kuivunja, wala hakuona kwa nini ibadilike kwa sababu ya mvua.

"Mtoto huyu anatetemeka," alisema. "Washeni."

"Ayeyo, mama amesema..."

"Mama yenu hayupo."

"Akikuta joto hawatatengeneza boila," alinong'ona Fosia. "Ayeyo, tafadhali. Nusu saa tu."

"Na akiondoka hapa na baridi yake, mimi nitaitwa nani? Mgeni hatakaa kwenye baridi ndani ya nyumba yangu. Na chai iko wapi?"

Dada hao walitazamana. Kisha Safiyo akawasha televisheni, kwa kuwa Ayeyo hakuwa mtu wa kuambiwa hapana.

Bahari ya moto ilitoka na kumfikia Kirandeep miguuni. Alisogeza mkoba wake. Koti lake lilianza kutoa mvuke, mabega yake yakashuka, rangi ikamrudia usoni. Alikunywa chai ya iliki na kula mahamri huku akiyafuata kwa macho majani ya nuru yaliyokuwa yakielea chini ya meza, na alipoongea aliongea polepole, kama mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala.

"Chai hii nyanya yangu alikuwa akiipika," alisema, na Fosia akatafsiri.

"Mwambie aongezewe," alisema Ayeyo.

Alipomaliza alinyanyua kipimajoto, akakisoma, akakisoma tena. Alikielekeza ukutani. Ukuta ulikuwa mkavu.

"Nyumba ina joto zuri," alisema.

"Lakini boila haifanyi kazi," alisema Fosia. "Joto linatoka kwenye gemu. Si unaliona?"

"Naliona. Sijawahi kuona kitu kizuri hivi." Kirandeep alitazama miguu yake. "Lakini kanuni zinaniuliza kama joto lipo. Haziniulizi limetoka wapi."

"Mwezi ujao mimi sitakuwepo. Bibi yangu ana mapafu mabovu."

"Mkipata baridi, pigeni simu," alisema Kirandeep, na alionekana kuona haya kwa kusema hivyo. Alimshika Ayeyo mikono yote miwili akamshukuru. Mlangoni aligeuka, akaomba asimame ndani ya moto kwa dakika moja zaidi. Walimruhusu.

Fadumo aliporudi alielezwa. Alikwenda jikoni, akafungua bomba, akaacha maji yatiririke juu ya vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Hakuna mtu anayemgombeza mama mkwe.

"Alikula?" aliuliza baadaye.

"Alikula, akaongezewa," alisema Fosia.

"Vizuri."

Usiku huo Fosia alichukua sanduku alilokwisha kulipanga, akatoa nguo, akalirudisha juu ya kabati. Alifanya hivyo taratibu, lakini kuta zile ni nyembamba, na Ayeyo alikuwa macho.

Kesho yake Ayeyo alishuka kwenye kochi, akaketi zuliani kando ya Safiyo, akanyoosha mkono.

"Nipe rimoti ya dada yako. Nionyeshe konokono anaapaje."

Ilikuwa kazi. Vidole vyake vilikuwa na baridi yabisi, na alibonyeza vitufe kwa kidole cha shahada, kama anayepiga kengele ya mlango. Mara ya kwanza konokono alikimbia vita. Mara ya pili alikula tunda la dawa wakati hana jeraha.

"Mama Abdi, umemshibisha bure," alisema Mzee Harbhajan, aliyekuja na skafu shingoni.

"Nyamaza, Kalasinga. Wewe simu tu inakushinda kuzima."

Kwenye kioo nyati alikuwa amesimama, moto ukimwaka mdomoni, akingoja. Hakuonyesha kuchoka. "Ngoja, baba, nakuja," Ayeyo alimwambia, akitafuta kitufe, akikohoa, akitafuta tena. Fosia alikaa nyuma yao na mikono mapajani, maana Ayeyo alikuwa amemkataza kusaidia.

Siku moja bahari ilitoka. Ilikuwa nyembamba na haikuvuka meza ya chai, lakini majani yake yalikuwa yamenyooka, mapana kuliko yale ya Fosia. Ayeyo aliyatazama yakipita mbele yake, na kwa kitambo alisahau hata kukohoa. Halafu akageuka.

"Shusha sanduku," alimwambia Fosia.

Januari Fosia alipanda basi la Newcastle kutoka kituo cha Digbeth. Jioni yake alipiga simu ya video. Nyumbani walikuwa hawajaanza kucheza. Aliwaona wote kwenye kioo kidogo, mama yake na koti lake la kazini, Mzee Harbhajan na skafu, Ayeyo na glavu zilizokatwa ncha za vidole. Pumzi zao zilikuwa nyeupe.

"Huko kuna baridi?" aliuliza Fadumo.

"Hapana, mama. Kuna kitufe ukutani. Unabonyeza tu."

Fadumo alifunga vifungo vya koti lake. "Vizuri," alisema.

"Kampuni wamesemaje?"

"Wanasema nyumba yetu ina joto."

"Kata simu, mwanangu," Ayeyo alisema kutoka zuliani, bila kugeuza uso. "Tuna kazi."

Fosia alikata. Alikaa kitandani katika chumba kile kigeni, simu iliyozimwa ikiwa mkononi. Baada ya kitambo kioo chake kilianza kupata joto, kwanza pembeni, kisha chote, na ndani ya weusi wake ikapita nuru nyembamba yenye umbo la jani. Aliinuka, akazima joto kwa kitufe cha ukutani, akajilaza na simu kifuani.