Fundi Maji

Kila mwaka, wiki ya likizo, familia ilipanga nyumba ileile nyuma ya ufuo, yenye magodoro yanayonuka unyevu na mlango wa bafu usiofungika. Na kila mwaka, asubuhi ya kwanza, walijenga ngome ya mchanga. Baba, mwashi aliyestaafu, alishika mwiko. Watoto wawili, wa kiume na wa kike, walichimba handaki. Mama alichota maji. Ndoo hiyo ndiyo iliyompa mama jina. Baba hakumwita mke wangu wala mama watoto. Alimwita Fundi Maji, kwa sababu, alisema, bila yeye ngome yote ni vumbi.

Mwaka huu mama hakuwapo. Walimzika kabla ya mvua. Baba alibaki peke yake nyumbani, na majirani walishakuta jiko lake linawaka bila sufuria. Watoto sasa walikuwa watu wazima, na kaka alitaka baba ahamie kwake, kwenye chumba kidogo kando ya stoo. Binti alikataa katakata. Yeye ni mtu wa maabara, hupima damu za watu, na alisema jiko si kipimo. Hata yeye husahau jiko.

"Haya, dada, basi tumpime kwa ngome," kaka alisema wakibeba sepetu. "Akiijenga kama kawaida, arudi kwake, nami nifunge mdomo."

"Wewe ufunge mdomo? Hilo nitalilipia kiingilio."

Mawingu yalikuwa chini, na bahari ilikuwa na rangi ya maji yaliyooshewa vyombo. Baba aliukagua mstari wa mwani ulioachwa na maji yalipojaa, akasogea juu yake kidogo, akachora msingi kwa ncha ya mwiko. Hakukosea. Kisha akakaa, mikono magotini, asifanye lolote.

"Mzee, umegoma?" kaka aliuliza.

"Mchanga mkavu huu. Utasimamaje?"

Binti akaichukua ndoo, akashuka majini, akarudi nayo imejaa. Baba akainua macho, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi uso wake ukalegea.

"Fundi Maji," alisema. "Leo umeningojesha sana."

Kaka akacheka. "Dada, umepandishwa cheo. Umerithi ndoo, umerithi na jina."

Binti naye akacheka, akitaka iwe hivyo. Iliwezekana; baba alikuwa mtu wa utani. Na mikono yake sasa ilikuwa kazini: kuta zikapanda wima, minara ikakaa kwenye pembe zake, kingo zikanyooka kama zimekatwa kwa kisu. Kaka aliizunguka ngome akitafuta kasoro, asiipate.

"Nimeshindwa," akasema. "Arudi kwake. Ngoja nilete chai."

Alipoondoka, binti alileta ndoo nyingine. Baba akamshika kiganja, akakipangusa mchanga kwa kidole gumba, taratibu, kama alivyokuwa akimfanyia mtu mmoja tu.

"Pumzika sasa. Watoto wetu wako wapi? Wasije wakaenda kwenye maji marefu."

Binti aliimimina ndoo mchangani. "Hawako mbali," alisema. "Nawaona."

"Mwangalie sana yule wa kike. Hasikii."

"Nitamwangalia."

Kaka alirudi na chupa ya chai na vikombe. "Nimpigie jirani afungue madirisha ya mzee, nyumba ipate hewa?"

Maneno ya baba hakuna mwingine aliyeyasikia. Binti angeweza kusema ndiyo, na mambo yakaishia hapo. Lakini miaka yote maabarani alikuwa akiandika majibu kama yalivyotoka, ya heri na ya shari.

"Usimpigie," alisema. "Kile chumba kando ya stoo kina dirisha?"

Kaka aliitazama ngome, kisha akamtazama yeye. "Kinalo. Linaangalia ukuta."

Baba aligonga ndoo kwa mwiko. Ilikuwa tupu. Binti akainama, akaichukua.