Gari Lililooshwa Kabla ya Safari

Sadrack alishuka garini akaanza kulizunguka, funguo zikilia mkononi, kabla hata Jémima hajatoka chini ya lori alilokuwa akilitengeneza.

"Yaya Jémima, klim imekufa tena. Na leo lazima tufike Lubumbashi."

Katika gereji ile ya Manika, mjini Kolwezi, Jémima, ambaye wateja walimwita yaya, dada mkubwa, ndiye aliyeshughulika na klim, hewa baridi ya magari. Alifuta mikono, akachungulia kiti cha nyuma. Mama Adolphine, mama yake Sadrack, alikuwa amejifunika mdomo kwa kitambaa. Miaka mingi alikuwa ameosha mawe ya shaba mtoni pamoja na wanawake wenzake, na sasa mapafu yake hayakuvumilia tena vumbi. Alikuwa amengoja miezi mingi apate nafasi kwa daktari wa mapafu, na nafasi yenyewe ilikuwa kesho asubuhi. Barabara ilijaa malori ya migodi. Vioo vikifunguliwa, vumbi lingemziba pumzi. Vikifungwa bila hewa baridi, katika joto hili la Oktoba, asingefika hata Likasi.

"Fundi mwengine aliongeza gaz juma lililopita," Sadrack alisema. "Weye pia ongeza tu, twende."

"Nikiongeza bila kuziba, itawatoka katikati ya njia. Acha nitafute kwanza fasi gaz inatokea."

Alifungua boneti, akaduwaa. Injini iling'aa kama sufuria ya arusi.

Huku Kolwezi uvujaji hujionyesha wenyewe. Gesi inapotoka hubeba mafuta kidogo ya kompresa, vumbi linanasa kwenye mafuta hayo, na mahali palipotoboka panabaki doa jeusi. Jémima alizoea kulitafuta doa hilo kabla ya kushika chombo chochote. Leo hapakuwa na doa wala vumbi.

"Nani alisafisha injini?"

"Mi njo nilimutuma Sadrack," Mama Adolphine alijibu kutoka ndani. "Badokta ba Lubumbashi banione natoka mu gari ya machafu? Batasema batu ya Kolwezi njo vile."

"Mama, mumeosha na alama yenyewe!"

"Nimeosha bitu maisha yangu yote, mutoto. Nani aliniambia kuko uchafu wa kuchunga?"

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi kirefu. Sadrack aliacha kuzunguka. Kikohozi kilipoisha, Jémima akampeleka mama kwenye chumba cha vipuri na kumfungia mlango, vumbi lisimfikie.

Alijaza mabomba azote, yaani nitrojeni, akapaka povu la sabuni kila kiungo ili lifure panapovuja, akainama na kungoja. Povu lilitulia. Hakuna kiputo hata kimoja kilichofura. Akapaka tena. Jasho lilimdondoka puani, na nyuma yake funguo za Sadrack zililia, zikanyamaza, zikalia tena.

"Unaona kitu?"

"Bado."

"Na sasa?"

"Sadrack, ukiniuliza tena nitakupaka hii sabuni mu kinywa."

Alikaa chini kwenye tairi kuukuu. Injini ilikuwa imezimwa. Gari lilikuwa limetulia. Labda bomba lilivuja pale tu injini ilipolitikisa. Akasimama ghafla.

"Tutaichafua."

"Nini?"

"Natia gaz kidogo, tunaenda njia ya Musonoi, nyuma ya malori. Vumbi litatuonyesha."

"Nimeinama asubuhi nzima naosha ile gari!"

"Basi leo utaona vile iko rahisi kuchafua."

Walikwenda, klim ikiwa imewashwa, mashimo yakiwarusha mpaka kichwa cha Sadrack kikagonga paa. Jémima alimhimiza asikwepe lori lolote. Waliporudi gari lilikuwa jekundu lote. Alifungua boneti, akapitisha tochi polepole nyuma ya kompresa, kando ya bomba la mpira. Kote vumbi lilikuwa kavu na jepesi. Lakini pale pete ya chuma ilipobana mpira, lilikuwa limelowa na kuwa jeusi, utepe mwembamba usiozidi unene wa uzi. Akapaka sabuni, akalitikisa bomba kwa kidole. Povu likafura.

"Njo pale inatokea!" Sadrack alipiga kelele, akakimbilia mlango wa mama. "Mama, tumeipata!"

Jémima alirudisha gesi kwenye chupa yake, akalifungua bomba, akalikimbiza kwa pikipiki ya taxi-moto hadi duka linalotengeneza mabomba ya mitambo ya migodi. Wakakata ncha mbovu, wakabana pete mpya. Alilirudisha mahali pake na kuwasha pampu ya kuvuta hewa. Alipoizima, sindano ya kipimo cha shinikizo ilikuwa imeshuka chini kabisa. Ikipanda tena, bomba lingekuwa bado linavuja, na kazi yote bure.

"Imeshuka," Sadrack alisema. "Tia gaz, jua linaenda."

"Tungoje kidogo."

"Yaya, tafazali."

Mkono wa Jémima ulikuwa tayari kwenye chupa. Alitamani waondoke kama alivyotamani Sadrack, pengine zaidi. Lakini alimwona mama katikati ya pori, vioo vimefungwa, hewa ikianza kuwa ya moto. Akauondoa mkono. Wakangoja, macho yote kwenye sindano, hadi Sadrack mwenyewe akachuchumaa na kusahau funguo zake.

Sindano haikusogea.

Jémima akatia gesi. Hewa ilipotoka baridi, Mama Adolphine, aliyekwisha rudi kiti cha nyuma, aliweka viganja mbele yake kama mtu anayeota moto. Sadrack alikuwa ameshika ndoo na kitambaa, anaanza kufuta mlango.

"Acha," mama yake alimwambia.

"Mama, badokta…"

"Banione tu vile. Ingia, twende."

Gari jekundu lilitoka langoni. Kabla ya kupinda kona kioo cha nyuma kikateremka, mkono ukatoka na kupunga.

"Mama, funga!" Jémima alipaza sauti, akikimbia nyuma yao na spana mkononi. "Funga kioo!"

Mkono ukaingia. Kioo kikapanda mpaka juu.