Sayari ya Kule

Majirani wa Base Camp, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, walipouliza Doriane anafanya kazi gani, mama yake Apolline aliwajibu kwamba binti yake anachora migongo ya watu. Waliangua kicheko, lakini mama hakuwa mbali na ukweli. Doriane alichora, kwa kompyuta, mandhari yanayowekwa nyuma ya waigizaji wa filamu. Waigizaji husimama chumbani, mbele ya kitambaa cha kijani; kompyuta hukifuta kile kijani na kutia picha mahali pake, na anayetazama huamini kwamba watu wale wako jangwani au mlimani. Kazi hiyo alijifunza kwenye kituo cha vijana hukohuko kambini, kisha akaajiriwa Mbarara katika studio ndogo ya Ezira. Siku za kazi alikaa mjini kwa rafiki, na kila Ijumaa alirudi kwa mama yake.

Ezira alikuwa mtoto wa askari aliyekulia kambi ya Makenke, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha jeshini: kifupi, kisichojali ngeli, na hakikuwahi kumkwamisha popote. Jumatatu moja mwezi wa nane alimwita Doriane mezani kwake.

"Nyabo, iko kazi ya Kampala. Filamu ya watoto. Msichana nakwenda kwa sayari ya hadithi, ile bibi yake alimwambia. Wanataka picha moja tu, lakini kubwa. Wiki mbili, halafu wanakuja kupiga hapa."

Doriane aliimaliza kwa siku nne. Mbingu aliipaka zambarau, akatundika juu yake dunia nyingine yenye pete, na chini akapanga miamba iliyochongoka kama meno. Ezira aliitazama huku akikuna kidevu.

"Iko safi," alisema. "Lakini hii mimi nimeona mara mingi. Hata simu ya mtoto yangu iko nayo. Huko kwenu hakuna hadithi ya nyota?"

"Hakuna, boss," Doriane akajibu.

Kumbe ilikuwepo, na aliikumbuka kesho yake, alipokuwa akirudi nyumbani na pikipiki ikapita mbele ya kituo cha Kabazana, pale wanapopokelewa wageni wapya kabla ya kupewa kiwanja. Watoto wawili walikuwa wamekaa chini nje ya jengo, mmoja akimsimulia mwenzake jambo kwa mikono yote miwili. Doriane alimwomba dereva asimame. Alibaki pale barabarani dakika kadhaa, dereva akidhani anatafuta kitu alichoangusha.

Alikuwa na miaka sita walipofika Kabazana kutoka Kongo. Mama yake alishuka kwenye lori akitetemeka kwa homa na akalazwa kliniki majuma matatu. Doriane akabaki na baba yake, Ladislas, katika jumba refu lililojaa mikeka na watu, ambamo mtoto mmoja akianza kulia, wote walifuatia. Jioni, baada ya foleni ya chakula, baba alimkalisha kwenye goti na kumsimulia habari za sayari iitwayo Kule. Siku ya pili watoto wa mkeka wa jirani wakasogea. Siku ya tano walikuwa zaidi ya ishirini, Wakongo kwa Warundi, wengine hata Kiswahili hakiwaingii, wamekaa kimya wakimtazama mdomoni.

Huko Kule, alisema baba, nyota haziko juu. Ziko chini, na watu hukaa mlangoni kuzitazama kama unavyotazama uwanja. Huko Kule milima husafiri. Huaga kiangazi kikianza na kurudi na mvua. Na huko Kule miti ina damu, nyekundu na nzito, na watu huipikia chakula.

Mama alipotoka kliniki, hadithi ilikoma. Doriane aliomba mara mbili, baba akampa biskuti na kuzungumzia mambo mengine. Wakapewa kiwanja, wakalima mahindi na maharage, miaka ikaenda. Baba alikuwa na miaka minne kaburini sasa, na Kule ilikuwa haijatajwa tena hata mara moja.

Jumamosi asubuhi mama alikuwa amekaa mbele ya nyumba akichambua maharage kwenye ungo. Doriane alivuta kigoda.

"Mama, Papa alikuwa na hadithi moja ya sayari. Unaikumbuka vizuri? Mimi nimesahau vipande."

"Sayari gani? Papa yako hakukuwa mutu wa hadithi."

Doriane akaanza kumweleza. Alipofika kwenye nyota za chini, vidole vya mama vilipunguza mwendo. Alipofika kwenye milima inayosafiri, vilisimama kabisa.

"Nani alikuambia ile maneno?"

"Papa. Kule Kabazana, wakati ulikuwa mugonjwa."

Mama aliweka ungo chini.

"Ile haiko sayari, mwanangu," alisema. "Ile ni kwetu."

"Kwetu fasi gani?"

"Kwetu. Juu ya kilima, mbele ufike mujini Baraka. Ile nyota ya chini ni taa ya bavuvi ba ndagala. Giza ikiingia, kila mutumbwi inawasha taa yake, ziwa yote inajaa. Taa mingi, hauwezi kumaliza kuhesabu. Sisi tuko mulangoni, kule juu, tunainamisha macho tu."

"Na milima?"

"Iko ngambo ile ingine ya ziwa Tanganyika. Kiangazi vumbi inaifunika, unaweza kuapa hakuna kitu. Mvua ya kwanza ikipita, unaamuka asubuhi, unaikuta imesimama karibu, utafikiri imekuja kukusalimia."

Doriane aliona aibu kuuliza lililobaki. "Na miti yenye damu?"

Mama alinyoosha midomo kuelekea ndani ya nyumba, ambako chupa ya mawese ilikuwa nyuma ya mlango. "Ile ulikula na maharage jana. Papa yako alikuwa anaikamua yeye mwenyewe, mikono nyekundu mupaka hapa." Akajigusa kiwiko.

Wakacheka wote wawili. Mama ndiye aliyetangulia kunyamaza.

"Siku tulivuka mupaka nilimwambia: usitaje tena kule mbele yangu, wala mbele ya mutoto. Niliona nikisikia hata jina, miguu yangu itakataa kutembea. Akaitikia. Na kweli, mupaka siku anakufa, hakutaja." Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Nilifikiri alisahau, Dori. Kuna miaka nilimukasirikia, nasema huyu mwanaume ana roho gani, amesahau kwao kama mutu anasahau kofia."

Doriane akachukua ungo, akaendelea kuchambua.

Jumapili, walipotoka kanisani, alifungua kompyuta juu ya meza ya kulia, kando akaweka kibao cha kuchorea na kalamu yake. Ile sayari ya zambarau aliifuta. Kazi ya namna hii haianzi kwa rangi. Huanza kwa picha za kweli zinazokatwa, kuunganishwa na kupakwa juu mpaka mishono ipotee. Maji aliyatoa kwenye picha alizopiga ziwa Nakivale alfajiri. Milima aliikata kutoka vilima vya Isingiro, akaichongoa na kuiinua. Michikichi hakuwa na picha yake nzuri, basi aliichora kwa mkono, na mama akavuta kiti.

"Hapana. Majani haisimami hivi. Inaanguka, kama nywele ya mutu anatoka kuoga."

Akarekebisha.

"Na njia inapita huku. Kushoto. Hapo unaiweka, iko shamba ya mihogo ya watu, watakukemea."

Akarekebisha tena. Muda si mrefu mama alikuwa ameacha kusubiri kuulizwa. Alisema jiwe lilipokuwa, na mahali ambapo maji ya mvua yalikata udongo. Tangu Kabazana, miaka kumi na minane, Doriane alikuwa ameishi na mwanamke huyu na hakuwa amemsikia akitaja hata mti mmoja wa kwao. Sasa alikuwa akikemewa kwa sababu mteremko haukuwa mkali vya kutosha.

Yeye mwenyewe alibaki na vitu viwili tu vya huko: harufu ya ndagala, wale dagaa wa ziwa, walioanikwa mchangani, na mgongo wa baba yake ukipanda mlima mbele yake. Vyote viwili havichoreki kirahisi. Alitia taa za mitumbwi moja baada ya nyingine, mamia kwa mamia, nyingine kubwa, nyingine kama punje ya mtama, na ng'ambo ya maji akaifanya milima iwe hafifu kiasi kwamba miguu yake haikugusa ziwa. Mwisho, kwa maelekezo ya mama, akaweka nyumba ndogo ya bati juu ya kilima, na moshi mwembamba wa jikoni.

Jumanne Ezira aliiona. Safari hii hakukikuna kidevu. Alivuta kiti, akakaa.

"Hii ni wapi?" aliuliza.

"Ni sayari, boss."

"Sawa," alisema Ezira polepole. "Lakini kuko mtu amekaa hapa."

Ikatumwa Kampala. Jibu la Olga, mwenye filamu, likaja siku ileile: picha ni nzuri mno, waliipenda wote, ila nyumba na moshi viondolewe, maana kwenye hadithi yao sayari haina watu mpaka msichana afike. Doriane alisoma ujumbe huo mara tatu. Nyumba ilikuwa kwenye tabaka lake peke yake, juu ya picha iliyobaki. Kuiondoa ilikuwa kubonyeza mara moja tu, na kidole kikakataa. Akampigia mama yake simu, karibu alie.

"Toa," mama alisema.

"Lakini Mama, ni nyumba yetu."

"Papa yako alikuambia habari ya nyumba mule ndani ya hadithi yake?"

Doriane alifikiri. "Alisema watu wanakaa mlangoni. Nyumba yenyewe hakuisema."

"Basi iliongezwa na mimi. Bape bale ba Kampala yao bila nyumba. Yetu sisi tunajua fasi iko."

Siku ya kupiga filamu Doriane alimleta mama yake Mbarara. Msichana mwigizaji alifanya vipande vyake asubuhi nzima, na ilipofika saa saba watu wa Kampala wakatoka kwenda kula. Ezira alibaki akikunja nyaya. Alimtazama Apolline aliyekaa kwenye kona, mkoba magotini, amevaa kitenge chake cha sikukuu chenye majani ya kijani.

"Mama, njoo simama hapa," alimwambia.

Apolline akasimama mbele ya kitambaa, mikono ameikunja kama anapigwa picha ya kitambulisho. Kwenye skrini kubwa pembeni alionekana amesimama juu ya kilima, ziwa chini yake limejaa taa. Kisha Doriane akaona kasoro, akashika kichwa: kompyuta ilikuwa imefuta kijani chote, pamoja na kile cha kitenge. Kila jani lilikuwa limetoboka, na ndani ya kila jani kulikuwa na maji na taa za wavuvi.

"Pole, Mama. Kuko shuka, jifunike," Ezira akasema, akiharakisha kuitafuta.

"Wacha," alisema Apolline.

Alijitazama. Akainua mkono, na yule wa kwenye skrini akainua wake. Akapiga hatua mbili kwenda kushoto, akageuza mwili kidogo, akarudi nusu hatua, kama mtu anayetafuta mahali gizani kwa miguu.

"Hapa," alisema. "Mulango ilikuwa hapa. Ladislas alikuwa anakaa ngambo hii."

Akaacha nafasi ya mtu mmoja kando yake. Ezira akaacha nyaya zake. Hakuna aliyemharakisha, na alisimama pale mpaka sauti za watu wa Kampala zikasikika tena kwenye ngazi.

Baadaye walikula kwenye hoteli ndogo karibu na soko, maharage na matoke. Mama alikula kwa hamu. Katikati ya chakula aliweka kijiko chini, akaanza kucheka peke yake.

"Kulikuwa na jirani mumoja, anaitwa Musoni," alisema. "Alikuwa na mbuzi mumoja mwenye akili kuliko muke wa Musoni. Siku moja ile mbuzi inaingia kanisani, wakati wa mahubiri..."

Doriane alisogeza kiti chake karibu.