Mwanafunzi wa Kumi

Mwalimu Hamphrey alipopiga hodi, Rosina alijua si bure. Tangu ashike mimba akiwa Kidato cha Tatu, mwalimu mkuu huyo alikuwa akimpita njiani kama hamjui, ingawa serikali ilisharuhusu wasichana waliojifungua warudi shuleni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kesho afisa elimu anakuja kuhesabu darasa lenu. Wanafunzi wasipofika kumi, linafungwa. Na vijana wako ziwani."

Lilikuwa giza la mwezi, wakati dagaa waitwao usipa wanapofuata taa za mitumbwi. Wavulana wote walikuwa wakivua usiku na kulala mchana. Darasani walibaki wasichana tisa.

Rosina alifurahi kuitwa awe wa kumi, mpaka akaona aibu. Asubuhi alimwachia mama yake, Kunigunda, mtoto, akavaa sketi iliyokuwa inambana. Afisa alihesabu, akauliza swali la Jiografia, na aliyejibu akawa Rosina peke yake. Sifa akapewa nani? Mwalimu Hamphrey, bila shaka.

Aliendelea kuhudhuria kila siku, hadi mbalamwezi iliporudi na vijana wakarejea darasani wakinuka samaki. Asubuhi hiyo mwalimu alimwita nje.

"Umetusaidia sana, mwanangu. Ila sasa nafasi hakuna. Na wazazi wa hawa mabinti watasemaje?"

Nafasi hakuna! Chumba kilijengwa kwa watu arobaini, na madawati ya nyuma yalikuwa yamegeuzwa choo cha popo. Rosina aliyatazama kupitia dirisha. Alikwenda nyumbani bila kuaga.

Giza lililofuata, vijana walirudi ziwani, na afisa akatuma habari kwamba anakuja tena. Mwalimu Hamphrey akapiga hodi, tabasamu hadi masikioni.

"Kesho njoo darasani, mwanangu."

Rosina alikuwa ananyonyesha. Alimwamkia, lakini hakuinuka.

"Nitakuja, Mwalimu. Ila giza likiisha, vijana wakiwa wamerudi."

Tabasamu likamtoka mwalimu. Alimgeukia Kunigunda kutafuta msaada, naye Kunigunda akaendelea kupepeta mahindi yake.

"Rosina, wakati huo darasa litakuwa limeshafungwa."

"Kwangu mimi lilifungwa siku ile mbalamwezi ilipotoka," alisema Rosina, akamhamishia mtoto titi la pili.