Mfungo wa Prisila

Mama Ebeneza wa kanisani kwetu anasema ni Roho aliyemwangusha mdogo wangu. Anasema Prisila alikuwa amesimama mstari wa mbele kwenye mazoezi ya kwaya ya vijana, hapo kijijini kwetu Yakobi, akafumba macho, akatabasamu, akashuka chini taratibu kama kitenge kinachoteleza kwenye kamba. "Hakuanguka kama mgonjwa," aliniambia kwenye simu. "Wagonjwa tunawajua. Huyu alilazwa."

Nilikuwa Makambako sokoni, nimetandaza mitumba yangu. Nikamwachia mwenzangu wa meza ya pili, nikapanda gari la Njombe.

Prisila ana miaka kumi na sita. Kwaresma kanisa lilitangaza mfungo, akafunga kama wote. Pasaka ikaja, sisi tukala, yeye hakula. Akamwambia mama bado anaombea mtihani wake. Kwetu mtu akishasema amefunga, humsogezei sahani. Kumsogezea ni kumjaribu. Mama akaacha kumpakulia. Wanawake wa kanisani wakaanza kumletea shida zao awaombee, na Mama Ebeneza akanitania mbele yao, "Mdogo kazi yake kufunga, dada mtu kazi yake kufungua marobota." Wakacheka. Na mimi nikacheka.

Lakini nikija nyumbani nalala naye kitanda kimoja, naona. Akiamka, kabla hajanisalimia, ameshashika simu. Siku moja alinionyesha mwenyewe, akidhani nitafurahi. Ni kundi la wasichana, hajaonana na hata mmoja wao. Wanatumiana picha za matumbo na za mifupa ya mabega. Akituma yake, mioyo inamiminika, naye anaikodolea macho mpaka iishe. Mimi niliishia darasa la saba, nasoma polepole, ila yale yalikuwa Kiswahili. Mmoja wao ameandika: Njaa ikija usiende jikoni, njoo kwetu.

Nilimwambia mama. Akasema, "Lucia, usimwonee mwenzio wivu kwa neema aliyopewa."

Sasa nilimkuta sebuleni kwenye mkeka, juu yake blanketi mbili, Mama Ebeneza na wenzake wawili wakimwimbia kwa sauti ya chini. Mama alikaa miguuni kwake.

"Kamwene," nikawasalimu.

"Kamwene, mwanangu," Mama Ebeneza akaitikia. "Ongea polepole, yuko na Bwana."

Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na kwenye ngozi vimeota vinyweleo vyembamba ambavyo hakuwa navyo.

"Amekula nini?"

"Mtu aliyefunga anakulaje, Lucia?" Mama Ebeneza aliniuliza kwa upole kabisa.

"Mama, tumpeleke hospitali."

"Watamtundikia dripu," mama akasema. "Mfungo utakatika. Mwache amalize."

"Anamaliza lini?"

Mama akamtazama Mama Ebeneza. Mama Ebeneza akamtazama Prisila. Hakuna aliyekuwa anajua.

Nikaenda jikoni, nikakoroga uji mwepesi, nikarudi nao. Mama hakunizuia, ila aliangalia pembeni. Nikamwinua Prisila kichwa kwenye paja langu. Kilikuwa chepesi. Akafumbua macho, akatazama kiganja chake kitupu.

"Dada, nipe simu. Wananisubiri."

Simu ilikuwa dirishani, inatetemeka, inanyamaza, inatetemeka tena.

"Kunywa kwanza. Funda moja tu."

"Watajua."

"Watajuaje, mdogo wangu? Hawapo hapa."

Akafunga mdomo. Nikaweka kikombe chini. Ningemnyanyua mwenyewe, nguvu ninazo, lakini wale wanawake walikuwa wamekaa kati yangu na mlango, na mama hangeruhusu kwa neno langu. Neno la Prisila ndilo walilolisikiliza.

"Prisila," nikamwambia, mbele yao wote, "waambie hawa mama zako kwamba hujafunga. Sema tu hivyo. Ukisema wewe watakubali, nami nikubebe mgongoni mpaka barabarani."

Wimbo ukakatika. Mama akasogea karibu, ameinamisha sikio. Tukasubiri wote, na yeye akageuza uso, akaangalia dirishani, simu ilipokuwa inatetemeka.