Kitambaa cha Marietha

Hakuna kitu kilichoingia nyumbani kwa Marietha pale Issuna kikakaa uchi. Redio ilikuwa na kitambaa chake cha kufuma, makochi yalikuwa na vyao, hata ndoo ya maji ya kunywa ilivalishwa. Binti yake, Witness, alikulia humo na alishaacha kuviona. Ndiyo maana hakukumbuka kumwonya mama yake kuhusu mashine.

Mashine yenyewe ilikuwa bodi moja ya kielektroniki yenye feni mbili, ambayo Witness aliinunua kwa fedha za alizeti alizolima kwa mikono yake. Ilikuwa ya kuchimba sarafu za mtandaoni. Mashine nyingi za kazi hiyo hutoka kiwandani zikijua jambo moja tu, na sarafu ikibadili kanuni zake, zinageuka chuma chakavu. Hii unaipa maelekezo kwa kompyuta, nayo inakuwa unachotaka iwe. Kesho ukitaka, inakuwa kingine. Ubaya wake, ikizimika inasahau kila kitu na unaifundisha upya. Witness aliipenda kwa hilo hilo. Alihangaika nayo msimu mzima, akikosea, akilia kwa hasira, akirudia, mpaka Ijumaa moja feni zikashika kasi na kompyuta ikaonyesha kwamba kazi yake imeanza kukubaliwa na mtandao wa sarafu.

Baba yake mkubwa, mzee Alute, hakutaka kuisikia. Tangu mdogo wake afariki alijifanya ndiye mwenye nyumba ile, na hakuweka hapo hata tofali. Alisema msichana anayechimba hewa anaiaibisha familia, na kwamba angepita Jumapili baada ya ibada. Akiikuta inafanya kazi, sawa. Akiikuta imelala, anaibeba kwenda kuiuza Singida mjini, na Witness anakwenda Manyoni kumsaidia shangazi yake dukani. Witness aliitikia kwa adabu huku damu ikimchemka. Apite tu, alisema moyoni.

Jumapili walitoka kanisani wakamkuta mzee ameshawatangulia mlangoni. Witness akampa shikamoo, akamfungulia chumba.

Kulikuwa kimya. Juu ya bodi kilikuwa kimetandazwa kitambaa kipya, cheupe, chenye maua pembeni. Witness alikiondoa, akaigusa bodi, akavuta mkono haraka. Alielewa papo hapo. Mama alikuwa ameipa mashine heshima ya nyumba kabla ya kwenda ibadani, ikakosa hewa, ikapata moto, ikajizima.

Mzee akauliza nani kaizima. Witness alimtazama mama yake, akaona uso umemshuka. Akajibu kwamba ameizima yeye mwenyewe. Alijua jibu hilo litamgharimu nini, na alilisema hivyo hivyo.

"Basi imelala," alisema mzee, akanyoosha mkono kuchomoa waya.

Marietha akaingia katikati yao. Hakuwahi kumpandishia shemeji yake sauti, na hata sasa hakuipandisha.

"Nimeizima mimi, shemeji, kwa kitambaa changu. Mtoto anadanganya ili usinicheke. Nicheke. Lakini mashine haitoki humu, na yeye haendi Manyoni."

Mzee alisema mengi, kuhusu ukoo, kuhusu marehemu, kuhusu wanawake walioota mapembe. Marietha hakusogea hata hatua. Nyuma yake Witness alifungua dirisha, akachukua ungo akaipepea bodi mpaka ikapoa, kisha akawasha kompyuta na kuanza kuifundisha tangu mwanzo, taratibu, kana kwamba hakuna mtu anayemsubiri.

Marietha akavuta kiti. Akatandika kile kitambaa juu yake, akakinyoosha pembe zote.

"Kaa, shemeji," alisema. "Itachukua muda."

Mzee Alute alikitazama kitambaa, akamtazama Witness mgongoni. Kisha akakaa.